Sura ya 7: Makopo Kwenye Kamba

King'ora kililia saa nane usiku. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu ya mwezi wa pili, ile inayokulazimu kupaza sauti hata kwa mtu uliyelala naye chumba kimoja. Nilikuwa nimelala sebuleni kwa mjomba, kijijini Chiwata, na king'ora chenyewe nilikitengeneza kwa mikono yangu. Kilikuwa na kazi moja tu: kusema tangi limejaa, ili mjomba ageuze bomba la gata, maji yaende kwenye mapipa ya akiba yasimwagike bure uwanjani.

Mjomba akatoka na tochi. Akapanda ngazi, akafungua kifuniko cha simtanki, akamulika ndani. Akashuka taratibu kama mtu anayetafuta maneno.

"Mjomba," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, "tangi lina nusu."

Nikaenda kwenye kioo kidogo cha kifaa changu. Kilisomeka 258. Kila hesabu moja ilikuwa lita kumi, kwa hiyo lita 2,580, na tangi ni la lita 5,000. Namba ilikuwa sahihi, na mjomba alikuwa sahihi. King'ora peke yake ndicho kilichoona tangi limejaa, ilhali kilikuwa kinasoma namba ileile niliyoisoma mimi, na kiliagizwa kilie ikifika 500. Nilimwomba radhi mzee, nikarudi kulala, usingizi haukuja.

Tangi nusu si jambo dogo kwenye uwanda wa Makonde. Udongo wa huko juu ni wa mchanga, unanyonya mvua yote inayoshuka, na maji hayo huja kutokea chini kabisa, kwenye miguu ya miteremko. Karl Weule, Mjerumani aliyechunguza maisha ya makabila ya kusini mwaka 1906, alistaajabu kuona watu wamechagua kuishi juu penye pori kavu ilhali maji yako bondeni. Wamakonde wenyewe wana simulizi ya asili inayowausia wakae mwinuko, mbali na mito, na mtu aliyewahi kuona maradhi ya mabondeni hawezi kuicheka. Lakini gharama ya wosia huo ililipwa kwa vichwa vya akina mama, ndoo juu, mteremko chini, mteremko juu. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, unasukuma maji kutoka Mitema, bonde la Kitangari, kuyapandisha Newala na kwingineko. Upande wa Masasi na Nachingwea hutegemea chanzo cha Mbwinji. Chiwata yenyewe iko pembezoni, pale uwanda unapovunjika kuelekea Masasi. Pampu ikizimika, bomba hutoa pumzi tu. Ndiyo maana nyumba yenye akili huwa na gata na tangi, kwa sababu mvua huja msimu mmoja, tangu mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, kisha mbingu inafungwa.

Paa la mjomba lina meta za mraba 50. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo milimeta moja juu ya paa lake ni lita 50, ikiwa gata haivuji. (Ya mjomba ilikuwa inavuja. Tuliiziba kwa lami.) Kipimo cha mvua nilichokifunga ni cha aina ya bembea: faneli yenye mdomo wa sentimeta za mraba 200, na chini yake vikombe viwili vidogo vilivyoungana mgongo kwa mgongo juu ya msumari. Maji yanajaza kikombe kimoja. Yakifika mililita 4 kinaelemewa, bembea inabinuka, kikombe kinamwagika, na mwenzake anapanda kuchukua zamu. Mililita 4 kwenye mdomo ule ni milimeta 0.2 ya mvua. Kwenye paa ni lita 10, nusu dumu. Kila bembea inapobinuka, sumaku iliyogandishwa ubavuni hupita mbele ya swichi ya kioo, swichi inafunga kwa muda wa kupepesa jicho, kisha inafunguka. Umeme mdogo unapita, umekwisha.

Upande wa pili wa waya uko ubongo: maikrokontrola, kompyuta nzima ndani ya kipande kimoja. Yangu ilikuwa ATmega328P, ileile inayokaa kwenye bodi za Arduino Uno ambazo wanafunzi wetu wa ufundi huanzia nazo. Ina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2, ambayo haitoshi hata picha moja ya simu, na niliiendesha kwa saa yake ya ndani, mapigo milioni 8 kwa sekunde.

Hapo ndipo swali la sura hii linapoanzia. Mvua kubwa kweli, ya milimeta 60 kwa saa, hubinua bembea mara 300 kwa saa, yaani mara moja kila sekunde 12. Katika sekunde hizo 12 kompyuta imepiga mapigo milioni 96. Unaitumiaje kompyuta ya kasi hiyo kusubiri kitu cha polepole kiasi hicho, bila kukikosa?

Aliyelala kwenye dungu anajua jibu. Wakati wa mahindi kukomaa, nguruwe pori na ngedere hawakuulizi ratiba. Kuna mlinzi wa namna ya kwanza: anakaa juu ya dungu usiku kucha, anamulika kona hii, anamulika ile, anarudi ya kwanza. Akiwa macho, hawampiti. Lakini hafanyi kitu kingine, na ifikapo saa kumi alfajiri tochi imekufa na yeye amekufa nusu. Akiamua kusinzia kidogo kati ya mmuliko na mmuliko, nguruwe watapita hapo hapo. Mlinzi wa namna ya pili anazungusha kamba pembezoni mwa shamba, anafunga makopo matupu yenye kokoto, halafu analala. Nguruwe akigusa kamba, makopo yanalia. Mlinzi anaamka, anafanya linalotakiwa, anarudi kulala.

Programu ya mlinzi wa kwanza inauliza pini, yaani mguu wa kompyuta ulioshika waya wa swichi, bila kukoma: swichi imefunga? bado? sasa je? Ya mlinzi wa pili inatumia kile ninachokiita hapa katizo. Mafundi wa mjini husema "intarapti" na hawana kosa, ila katizo lina faida ya kujieleza lenyewe: kazi inakatizwa, kisha inaendelea pale pale.

Na hiyo "pale pale" ndiyo uhondo. Tazama kinachotokea. Volti kwenye pini inashuka. Saketi maalumu, isiyohitaji programu, inanyanyua bendera: biti moja inakuwa 1. Kompyuta inamaliza amri iliyokuwa mkononi, maana hata mgeni wa hodi husubiri umeze tonge. Kisha inaandika anwani ya amri iliyokuwa inafuata na kuiweka juu ya rundo, sehemu ya kumbukumbu inayopokea na kutoa vitu kwa mpangilio wa sahani: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kutolewa. Inafunga mlango mkuu ili asiingie mgeni mwingine. Inatazama orodha iliyoko mwanzoni kabisa mwa programu. Kwenye kipande hiki orodha ina mistari 26, wa kwanza ni wa kuwasha upya, wa pili ni wa pini iitwayo INT0, wa tatu INT1. Kila mstari unasema: huyu akibisha, nenda anwani fulani. Yote hayo huanzia mapigo manne ya saa, yaani nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Huko kwenye anwani kuna programu fupi, mhudumu wa katizo. Akimaliza, amri moja ya kurudi inachomoa anwani ile juu ya rundo, inafungua mlango mkuu, na programu iliyokatizwa inaendelea bila habari kwamba ilisimamishwa.

Bila habari. Shika neno hilo.

Kumpangia mhudumu kazi ni kufungua milango mitatu, na ukisahau mmoja hupati hata kosa la kukuonya, unapata ukimya. Kwanza pini yenyewe: ifanye ya kupokea, na uiwashie rezista ya ndani inayoivuta juu, ili swichi ikiwa wazi pini isielee kama moshi bali ikae kwenye volti kamili, na swichi ikifunga ishuke hadi sifuri. Pili, rejista, kijisanduku cha biti za mipangilio, inayosema ni tukio gani lihesabiwe kuwa hodi. Kwa INT0 kuna biti mbili, hivyo chaguo nne: pini ikiwa chini, pini ikibadilika vyovyote, pini ikishuka, pini ikipanda. Nilichagua ikishuka. Tatu, biti ya ruhusa ya INT0 yenyewe. Na juu ya yote kuna biti ya mlango mkuu inayoruhusu au kuzuia makatizo yote kwa pamoja.

Mpangilio una adabu yake. Kubadili rejista ya pili kunaweza kunyanyua bendera kwa bahati mbaya, kwa hiyo unafunga ruhusa kwanza, unabadili, unashusha bendera iliyobaki, ndipo unafungua. Na bendera hiyo inashushwa kwa kuandika 1, siyo 0. Nimewaona watu wazima wakikaa kutwa nzima mbele ya jambo hili. Aliyelibuni alikuwa na sababu nzuri, kwani hivyo unashusha bendera moja bila kugusa za jirani, lakini angeweza kutuandikia kwa herufi kubwa.

Mhudumu wangu wa kwanza alikuwa na mstari mmoja: ongeza moja kwenye hesabu. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, nilimjaribu kwa maji ya kopo. Nilimimina mililita 400 tone kwa tone ndani ya faneli. Bembea ilipaswa kubinuka mara 100. Kioo kikasema 231.

Kosa halikuwa la programu. Chuma kikigusana na chuma hakitulii mara moja, kinadunda, kama kifuniko cha sufuria ulichokiachia juu ya sakafu. Macho hayaoni, kwa sababu kudunda kunaisha ndani ya milisekunde moja au mbili, lakini kompyuta yenye mapigo milioni 8 inaona mgeni mmoja akibisha mara mbili, mara tatu. Ni upepo kwenye makopo. Kwa mjomba ingekuwa lita 1,310 za maji yasiyokuwepo, madumu 65 ya hewa.

Kishawishi cha kwanza ni kumwambia mhudumu asubiri kidogo, milisekunde 50, hadi swichi itulie. Usifanye. Mlango mkuu umefungwa wakati yuko ndani. Saa ya milisekunde ambayo programu inaitegemea inaendeshwa na katizo lake lenyewe, linalobisha kila kihesabu kinapojaa. Ukiwa ndani, halipati nafasi, na saa imesimama. Unamwambia mtu asubiri hadi saa sita katika chumba ambacho saa yake haisogei. Mhudumu mzuri ni kama mpokea simu wa zamani ofisini: anaandika kwenye karatasi nani kapiga na saa ngapi, anakata. Basi wangu nikamfundisha kutazama wakati tu: hodi ikija ndani ya milisekunde 100 tangu ya mwisho, iachwe. Bembea haiwezi kubinuka mara mbili katika muda huo hata mbingu ipasuke. Nilimimina tena. Kioo kikasema 100, nikamimina mara ya tatu kwa raha tu.

Kwa hiyo mwezi wa pili nilikuwa nimejiamini. Mhudumu alikuwa mfupi. Hesabu nilikuwa nimeitangaza kwa neno volatile, ambalo katika lugha ya C humwambia kompaila: namba hii inaweza kubadilika nyuma ya mgongo wako, usijitengenezee nakala ukaishi nayo. Kompaila bila onyo hilo ni karani mwenye haraka. Anaona hakuna mstari kwenye kitanzi kikuu unaobadili namba, anaisoma mara moja tu asubuhi, na kutwa nzima anakujibu kwa aliyoyakariri. Hilo nilikuwa nalijua, na nilidhani ndilo pekee la kujua.

Kitanzi kikuu kilikuwa na swali moja, likizunguka mamia ya maelfu ya mara kila sekunde: hesabu imefika 500? Ikifika, piga king'ora. Mara moja kwa dakika kinaandika hesabu kwenye kioo.

Siku tisa nilitafuta kosa la usiku ule. Nilibadili nyaya, nikalaumu radi, nikalaumu chaja. Mwishoni nilichukua karatasi nikaandika hesabu kama kompyuta inavyoiandika. Kipande hiki ni cha biti 8. Kinashika baiti moja kwa wakati mmoja, na baiti moja inaishia 255. Hesabu inayoweza kufika 500 inakaa kwenye baiti mbili: ya chini na ya juu, mfano wa mamoja na makumi. Kuisoma kunahitaji amri mbili, baiti ya chini kwanza, kisha ya juu.

Sasa hesabu ni 255. Baiti ya juu ni 0, ya chini ni 255. Kitanzi kikuu kinasoma ya chini: 255. Sekunde hiyohiyo, kati ya amri ya kwanza na ya pili, bembea inabinuka. Katizo. Mhudumu anaongeza moja, hesabu inakuwa 256, yaani ya juu 1 na ya chini 0. Mhudumu anarudi. Kitanzi, bila habari, kinaendelea pale pale kilipoachia na kusoma baiti ya juu: 1. Kinaunganisha kilichonacho mkononi: 1 ya juu, 255 ya chini. Ukiipiga hesabu, ni 511.

Mia tano na kumi na moja. Zaidi ya 500. King'ora.

Namba hiyo haikuwahi kuwepo kwenye kumbukumbu hata kwa pigo moja la saa. Nusu yake ilikuwa ya kabla ya tone na nusu ya baada ya tone, kama picha ya familia iliyochanwa ikaunganishwa na nyingine: kichwa cha babu, miguu ya mjukuu. Na lingeweza kutokea mara moja tu katika kujaa kwa tangi, pale 255 inapogeuka 256, tena kwa bahati ya katizo kuangukia katikati ya amri mbili hizo na siyo penginepo katika kitanzi. Ningeweza kujaza matangi msimu mzima nisilione. Ili kujithibitishia, niliunganisha kifaa kingine kilichobisha pini badala ya bembea, nikarudisha hesabu 255 kila mara, nikaacha kizunguke. Baada ya dakika chache 511 zilikuwa zimejaa kwenye daftari la kompyuta kama siafu.

Mholanzi Edsger Dijkstra aliliona hili mapema kuliko karibu kila mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Amsterdam, alipewa kazi ya kuandika programu ya kuhudumia makatizo ya mashine iitwayo Electrologica X1, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959 ilihusu kazi hiyo. Wazo la katizo lilimtia hofu. Hadi hapo, programu ikikosea ungeirudia na ingekosea vilevile, ukaikamata. Ukiruhusu ulimwengu wa nje ubishe wakati wowote, kosa linaweza kutokea mara moja na lisirudi tena mbele ya macho yako. Watengenezaji waliona wanampa urahisi. Yeye aliona wanamwondolea uhakika wa nini kinafuata nini. Nilipomsoma nilifikiria ngazi ya mjomba na tochi yake.

Tiba ni fupi kiasi cha kuudhi. Kabla ya kusoma hesabu, funga mlango mkuu. Nakili baiti zote mbili. Rudisha mlango kama ulivyoukuta. Umefunga kwa chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mgeni akibisha humo hapotei, bendera yake inabaki imenyanyuliwa, na mlango ukifunguliwa anahudumiwa. Ila bendera ni moja. Wakibisha wawili mlango ukiwa umefungwa, utamwona mmoja, na ndiyo sababu ya kufunga kwa muda mfupi tu, siyo kufunga ukasahau ukaenda kuandika kwenye kioo.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa baiti iliyojaa, na vihesabu kujaa si kioja cha mafundi wa vijijini. Mwaka 2024 nchi nzima iliambiwa iboreshe mita za LUKU kabla ya Novemba 24. Wengi waliona ni usumbufu wa TANESCO; kumbe ni hesabu tu, na ilihusu mita za mfumo huo wa tokeni duniani kote. Ndani ya zile tarakimu 20 za umeme unaonunua kumefichwa muda wa kununua, umehesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, kwenye biti 24. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32. Hesabu ilikuwa inajaa na kurudi sifuri siku hiyo, na mita isiyoboreshwa ingeiona tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa. Bembea ya mjomba ilijaa baiti yake kwa usiku mmoja wa mvua; ile ilichukua miaka 32.

Mita hiyo hiyo ukutani ina katizo ninalolipenda kuliko yote. Umeme ukikatika, mita za kielektroniki kwa kawaida hubaki na chembe ya umeme ndani ya kapasita, ya kutosha milisekunde chache. Saketi inaona volti inaporomoka, inabisha, na mhudumu ana pumzi moja ya kuandika uniti zilizobaki kwenye kumbukumbu isiyofutika kabla giza halijamfikia na yeye. Wewe unatafuta kibiriti, yeye keshamaliza.

Kifaa cha mjomba kilibaki na kasoro moja: njaa. Kikiwa macho muda wote kilikula miliampia 5 hivi. Betri za miliampia-saa 2,000 zingekaa saa 400, siku 16. Paneli ndogo ya sola ilisaidia, ila siku za mvua, ambazo ndizo za kazi, ndizo zisizo na jua. Mlinzi wangu alikuwa na makopo kwenye kamba na bado alikuwa anakesha.

Kipande hiki kinaweza kulala usingizi mzito ambao saa yake yenyewe inasimama, na kula chini ya miliampia moja iliyogawanywa mara elfu. Nikamlaza. Mvua ikanyesha, asiamke. Kitabu cha watengenezaji kinasema wazi, nami nilikuwa nimepita haraka: kutambua kwamba pini *imeshuka* kunahitaji saa iwe inapiga, kwa maana kushuka ni tofauti kati ya sasa na kabla, na aliyelala fofofo hana kabla. Kutambua kwamba pini *iko chini* hakuhitaji saa. Nikabadili biti mbili zile: pini ikiwa chini, amka.

Hilo lina mtego wake. Swichi ikiwa imefunga, mgeni habishi mara moja, anashikilia kengele. Mhudumu anaongeza moja, anarudi, anakuta kengele bado inalia, anaitwa tena, maelfu ya mara kwa mbinuko mmoja. Kwa hiyo mhudumu wa sasa ana mistari miwili. Anaongeza moja, kisha anafunga mlango wa INT0, wake mwenyewe. Kitanzi kikuu, kikiwa kimeamka, kinasubiri swichi ifunguke na itulie milisekunde 20, kinafungua mlango, kinalala. Hapo kudunda kukawa kumekwisha bila kupimwa: baada ya hodi ya kwanza hakuna anayesikiliza. Sikuwa nimepanga iwe hivyo, ila nilipokea.

Kwenye karatasi betri zitadumu miaka mingi kuliko zenyewe zinavyoweza kuishi. Nimeandika tarehe kwa kalamu ya wino ubavuni mwa kisanduku, tutaona.

Mwaka uliofuata nilipokwenda Chiwata ilikuwa Novemba, korosho zimeanikwa uwanjani juu ya turubai. Nilimwamkia mjomba, akaitikia marahaba akiwa ameshatazama juu, kwenye faneli.

"Hiki chako," akasema, "kinaiona mvua ikishanyesha."

Nikamweleza kwamba lazima kikombe kijae, mililita 4.

"Korosho hazisubiri mililita nne, mjomba. Nataka tone la kwanza."

INT1 ilikuwa haina mwenyewe. Nikakata kipande cha bodi ya shaba, nikakichana mistari miwili isiyogusana, nikaunganisha mmoja na pini na mwingine na sifuri, ili tone likianguka liwaunganishe. Mjomba akachovya kidole kwenye tangi akadondosha. Kimya. Akadondosha tena, kimya. Maji ya mvua ni safi mno, hayapitishi umeme wa kutosha kushindana na rezista ya ndani inayoivuta pini juu. Nikaizima hiyo, nikaweka ya nje ya megaomu 1, dhaifu kwa makumi ya mara. Mjomba akachovya kidole tena, safari hii akasimama mbali kidogo, mkono umenyooshwa juu ya shaba, akingoja tone lijitoe lenyewe.